Jicho la Mbuzi wa Akika

Mbuzi wa akika, yule anayechinjwa kwa ajili ya mtoto aliyezaliwa, hatakiwi kuwa na kasoro. Asiwe kiguru, asiwe mgonjwa, asiwe amekonda hadi hana mafuta mifupani, asiwe chongo. Kila mtoto aliyepita chuo cha Kurani kwetu Mafia anayajua hayo, na mimi niliyajua kabla sijaweza kuandika jina langu. Baadaye nilikwenda Bara nikafundishwa jicho la mnyama kipande kwa kipande, nikarudi na cheti. Elimu zote mbili zilikuwa kichwani mwangu mwaka ule ambao mke wangu alitaka kumchinjia mtoto wetu. Zote mbili nilizikalia.

Nianze na jicho lenyewe, kwa sababu hilo ndilo jambo ninaloweza kulisema bila taabu.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Serikali ilitaka vijana waliomaliza shule ya kati wawe wasaidizi wa mifugo, nami nilikuwa kijana, nimemaliza shule ya kati, na sikupenda uvuvi. Bahari inanitapisha. Mtu wa Mafia anayetapika ndani ya mtumbwi hana maneno mbele ya wenzake, kwa hiyo fomu zilipokuja nilikuwa wa kwanza kujaza.

Mwalimu wetu kule Bara alikuwa mpima nyama wa zamani, mtu mfupi, mkali, asiyecheka. Siku za machinjio alikuja darasani na ndoo ya macho ya ng'ombe. Kila mwanafunzi alipewa jicho moja, wembe mmoja na ukurasa wa gazeti wa kuliwekea. Sisi wa pwani tulikuwa tumekula macho ya mbuzi tangu utotoni, tukiyagombania kwenye supu ya kichwa, lakini hakuna aliyewahi kuyatazama. Jicho la ng'ombe ukilishika ni zito na linateleza, na lina ubaridi ambao hauishi mkononi hata ukinawa.

Alitufundisha kuanzia nje. Kope la juu, kope la chini. Tezi ya machozi iliyojificha pembeni juu ya jicho, na mfereji mwembamba unaoyapeleka machozi puani, ndiyo maana anayelia hupenga kamasi. Misuli inayoligeuza jicho huku na huku, na msuli mmoja wa ziada ambao mimi na wewe hatuna, kazi yake kulivuta jicho ndani mnyama anapohisi hatari. Jicho likivutwa ndani, kope la tatu linajitandaza lenyewe kutoka pembeni, karibu na pua, na kulifunika. Ni utando mweupe wenye wekundu kidogo, na ndani yake mna gegedu jembamba lenye umbo la nanga. Kisha tulipasua. Maji ya mbele yakamwagika gazetini, lenzi ikatoka nzima, ngumu kidogo, na nyuma kabisa tukakuta ngozi inayong'aa kijani na buluu. Hiyo ndiyo inayowaka unapommulika ng'ombe gizani. Darasa zima lilisogea kutazama, hata wale wa Bara waliokuwa wakijifanya wameshaona kila kitu.

Lakini lililobaki kwangu ni jambo alilolisema akiwa anatukusanyia macho yaliyopasuliwa kuyarudisha ndooni. Alisema jicho limekaa juu ya mto wa mafuta. Mnyama akikosa chakula, mafuta yale yanakwisha; akikosa maji, kila kitu kinanywea. Jicho linazama na kope la tatu linapanda.

"Ukiliona kope hilo limepanda," alisema, "usihangaike na jicho. Tazama tumbo lake. Tazama maji yake. Mtazame na aliyepewa kazi ya kumtunza."

Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari nikayapigia mstari. Nilipata alama nzuri katika macho.

Nilirudi Mafia na baiskeli ya serikali na kaptura mbili za kaki. Ng'ombe wetu walilishwa chini ya minazi, wanene, wavivu, na kazi yangu ilikuwa kuzunguka kisiwa nikichanja, nikiosha vidonda na kujaza fomu. Azimio lilikuwa limekwisha kutangazwa, na vijiji vya ujamaa vilikuwa vikipangwa; shamba la pamoja hapa, zizi la pamoja pale, na kila penye zizi paliitishwa mkutano. Katika mikutano hiyo niliitwa Ndugu Bwana Mifugo, vyeo viwili kwa mtu mmoja mwembamba.

Tatizo la kwanza nililokutana nalo lilikuwa vimeo. Kwetu, mtoto akikohoa sana watu husema kimeo kimeanguka, yaani kile kijinyama kinachoning'inia kooni, na palikuwapo mzee mmoja kule Kiegeani aliyekuwa fundi wa kukikata. Alikata vya watoto wote, na changu alikikata. Sasa, watu walipoona kijinyama kwenye pembe ya jicho la ng'ombe au mbuzi, walisema na hiki ni kimeo, kimeo cha jicho, na kama ni kimeo basi dawa yake inajulikana. Mzee aliitwa, akaja na wembe wake na chumvi. Nilikuta ng'ombe watatu wa zizi la kijiji wamekatwa, mmoja jicho limekwisha kuoza.

Nilikasirika. Wakati huo bado nilikuwa na hasira zangu zote. Nilikwenda machinjioni Kilindoni nikaomba jicho, nikalileta mkutanoni juu ya jani la mgomba, nikasimama mbele ya mwenyekiti na katibu.

"Ndugu wananchi," nilisema, "hiki si kimeo. Hili ni kope la tatu. Mnyama kaumbwa nalo. Ukilikata umemvua nguo."

Jicho likapitishwa mkono kwa mkono. Mama mmoja mnene, aliyekuwa mtani wa ukoo wetu, alilitazama, akanitazama na mimi.

"Ng'ombe ana kope tatu, wewe una mbili," alisema. "Sasa nani kati yenu kasoma?"

Watu walicheka hadi katibu akagonga meza. Mzee wa vimeo alikuwa amekaa mstari wa mbele, hakucheka wala hakununa. Alilishika lile jicho kwa muda mrefu kuliko wote. Tangu siku hiyo hakukata tena jicho la ng'ombe wa kijiji, na mimi niliandika katika taarifa yangu kwamba elimu imetolewa na kupokewa.

Mke wangu hakuwepo kwenye mkutano ule. Alikuwa ndani na mtoto wetu wa kwanza, msichana, arobaini haijatimia. Na mimi nyumbani sikuwa na desturi ya kuzungumza habari za kazi. Niliporudi aliniuliza mkutano ulikuwaje, nikamjibu mzuri, nikaomba maji ya kuoga.

Akika ya mtoto huchinjwa siku ya saba. Ikipita, watu hungoja saba nyingine, na nyingine, na hakuna anayewalaumu. Baba mkwe wangu alikuwa ametuletea mbuzi dume mweusi mwenye paji jeupe, akasema huyu ni wa mjukuu wangu. Mbuzi alikuwa na mwaka mmoja tu, na kwa madhehebu yetu mbuzi wa akika atimize miwili. Ningeweza kutafuta mwingine. Mke wangu aliniambia tutafute mwingine. Nikasema hapana, tungoje huyu huyu akue, ni wa mtoto mwenyewe, haraka ya nini. Nilisema hivyo kwa sababu lilikuwa jambo la kuahirisha, na mimi kila lililoahirishika nililiahirisha.

Basi mbuzi akafungwa nyuma ya jiko, akala maganda ya mihogo na ya mafenesi, na mtoto akajifunza kukaa, kisha kutambaa, na safari yake ya kwanza ya kutambaa ilikuwa kumfuata mbuzi. Mke wangu aliniita kwa jina la mtoto, Baba fulani, nami nikamwita Mama fulani, kama watu wote. Jina lenyewe siliandiki.

Mtoto alikuwa na miezi kumi nilipokwenda kaskazini ya kisiwa kuchanja ng'ombe. Siku ya nne asubuhi alikuja mtu kwa baiskeli akaniambia nyumbani mtoto anaharisha na kutapika. Niliondoka saa ile ile. Nilifika adhuhuri, jua la utosi, shati limeniganda mwilini. Mke wangu alikuwa amekaa mkekani na mtoto mapajani. Alikuwa hajalala siku mbili. Alikuwa amempeleka zahanati, akapewa dawa, na dawa ikatapikwa. Alipoinua uso kunitazama niliona hana tena nguvu hata za kulia.

Nikamchukua mtoto. Nikamtazama macho.

Ndama anapoharisha, hilo ndilo la kwanza unalolitazama. Unaangalia nafasi kati ya jicho na kope. Ikiwa ndogo, unampa maji ya chumvi na sukari na unamwambia mwenyewe kazana. Ikiwa kubwa, unavuta ngozi ya shingo, unaiachia, na ikikaa vile vile kama kitambaa unamwambia mwenyewe: huyu tumemchelewa. Nilikuwa nimewaambia watu wengi hivyo, wazee wanaume na wajane, bila kupepesa. Nilijivunia kutomficha mtu.

Niliivuta ngozi ya mwanangu tumboni, nikaiachia.

"Vipi?" mke wangu aliuliza.

"Atapona," nilisema. "Wewe umechoka. Kajinyooshe kidogo, mimi ninaye."

Aliniamini. Mimi ndiye niliyekuwa na cheti. Alijinyoosha palepale ukumbini, kichwa juu ya mkono wake, akapotelea usingizini papo hapo. Nilichemsha maji, nikatia chumvi na sukari, nikamnywesha mtoto kwa kijiko. Yalitoka pembeni mwa mdomo. Nikaendelea, kijiko baada ya kijiko, nikiyafuta na kuweka mengine, mpaka adhana ya alasiri, na kabla adhana haijaisha alikuwa amekwisha kuondoka. Mke wangu alikuwa bado amelala. Nilikaa naye mtoto mikononi, sijui kwa muda gani, kwa sababu kumwamsha ilikuwa ndiyo kazi iliyobaki na sikuiweza.

Sikulia. Watu waliona ni subira, wakanisifu. Haikuwa subira. Nilikufa ganzi, hivyo tu, kama mguu ulioukalia. Nilikula nilipowekewa chakula, niliswali waliposwali wengine, na msiba ulipoisha nilipanda baiskeli nikaenda ofisini Kilindoni nikajaza fomu za wale ng'ombe wa kaskazini niliowaacha nusu. Mwandiko wangu katika fomu zile ni mzuri kuliko wa mwaka wowote. Mke wangu aliacha kuniita Baba fulani. Akaniita Bwana, nami nikamwita mke wangu, na tulipokosea tukaanza na lile jina la zamani tulilikatiza katikati.

Yeye alilia kwa ajili ya sisi wawili. Kisha, siku moja baada ya arobaini, mwalimu wa chuo cha Kurani alipita kutusalimia. Mke wangu alimwuliza akika ambayo haikuchinjwa, je, imepita? Mwalimu akamwambia haijapita. Mtoto aliyekufa huchinjiwa. Na wanazuoni wamesema, mtoto aliyechinjiwa huwaombea wazazi wake siku ya Kiama, huwashika mkono.

Tangu saa hiyo mke wangu alikuwa na jambo moja tu duniani. Mbuzi alibakiza wiki chache atimize umri. Alizihesabu kwa vidole.

Lakini yule mbuzi alikuwa amesahauliwa. Wakati wa msiba nyumba ilijaa watu, na baada ya msiba hapakuwa na mtu wa kukumbuka maganda ya mihogo. Alikuwa amefungwa kamba fupi, amekula majani yote yaliyokuwa karibu na kuguguna hadi gome la mti. Mke wangu alipokwenda kumtazama kwa macho ya akika, alikuta mbavu zinahesabika. Macho yote mawili yalikuwa yamezama, na katika pembe ya kila jicho palikuwa na kijinyama cheupe kimepanda hadi karibu na mboni.

Alikuja kunitafuta. Nilikuwa uani nimeipindua baiskeli, naziba pancha.

"Bwana," alisema, "yule mbuzi ana nini machoni?"

Nilijua. Nilijua hata bila kwenda kumtazama. Jibu lilikuwa dogo: ana njaa, mlishe, kijinyama kitarudi chenyewe. Lakini ili niseme hivyo ilinibidi niseme kwamba macho yamezama, na nilijua ataniuliza macho huzama kwa nini, na maneno hayo sikutaka yatamkwe ndani ya nyumba ile.

"Sijui," nilisema.

Alisimama kidogo akisubiri, kwa sababu hakuzoea kusikia neno hilo kwangu kuhusu mbuzi. Nikaendelea kusugua mpira kwa msasa. Akaondoka.

Kesho yake nilikwenda Utende kwa kazi ya siku mbili. Niliporudi, mke wangu alinipokea mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu msiba uso wake ulikuwa na uhai.

"Nimemsafisha," aliniambia.

Alikuwa amemwita mzee wa vimeo. Aliona kasoro, akataka kasoro itolewe, mbuzi wa mwanawe awe safi. Mzee mwanzoni alikataa, akasema bwana mifugo alikwisha kataza. Mke wangu akamwambia bwana mifugo mwenyewe nimemwuliza, kasema hajui. Basi mzee akafungua wembe. Alikata jicho la kulia. Mbuzi alijirusha hata wakashindwa kumshika, ndiyo la kushoto likaachwa hadi siku nyingine.

Nilikwenda nyuma ya jiko. Kipande kilikuwa bado pale mchangani, kimejaa siafu, na ndani yake niliona lile gegedu lenye umbo la nanga. Wembe ulikuwa umepita kwenye kioo cha jicho pia. Lilikuwa jekundu, limefura, linatoa usaha, na moshi wa jiko ulikuwa ukilipiga moja kwa moja, kwa sababu kilichokuwa kikilifuta kila dakika sasa kinaliwa na siafu.

Sikumgombeza mke wangu. Sikumgombeza mzee. Ningegombeza kwa lipi?

Nilimwambia tu mbuzi asiguswe tena, na apewe chakula kingi. Nikamwosha jicho kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, asubuhi na jioni. Marhamu ofisini haikuwepo; niliiandikia Bara, ikaja kwa chombo cha baharini baada ya siku tisa, bomba moja dogo, nikalikamua hadi la mwisho. Mke wangu alimshika kichwa, mimi nikampaka. Hiyo ndiyo kazi pekee tuliyoifanya pamoja miezi ile. Mbuzi akanenepa. Jicho la kushoto, lile lisiloguswa, likajaa, na kijinyama kikarudi mahali pake chenyewe, hakikuacha hata alama. Mke wangu aliliona hilo. Alilitazama jicho la kushoto, akalitazama la kulia, kisha akanitazama na mimi.

La kulia nalo lilikauka. Usaha uliisha, wekundu ukafifia, ukabaki ukungu, na ukungu ukajikusanya ukawa kidoa cha buluu chembamba, ukubwa wa punje ya mtama, pembeni. Ukisimama mbali usingekiona. Kila asubuhi mke wangu alisema leo limefunguka zaidi. Mimi niliendelea kuliosha. Nilikuwa nimeshaona kwamba mboni ya jicho lile haisogei.

Siku moja kabla ya akika, baada ya swala ya adhuhuri, mwalimu alikuja kumtazama mnyama. Mchele ulikuwa umekwisha kupetwa, nazi zimefuliwa, mama mkwe na majirani wamealikwa kesho yake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akachuchumaa mbele ya mbuzi. Alimpapasa masikio, akamtembeza, akamtazama meno. Kisha akafika kwenye jicho, akalitazama kwa muda.

"Chongo kinachomharamisha ni kile kilicho wazi," alisema. "Hiki mimi sikioni uwazi wake. Kidoa hakidhuru, maadamu nuru inaingia. Lakini hii si fani yangu. Wewe, bwana mifugo, ndiye uliyesomea macho ya wanyama. Ukiniambia anaona, kesho nachinja na roho yangu kwatu."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Mikono yake ilikuwa na unga wa mchele.

Nilisema tumjaribu. Tulimwingiza jikoni kwenye giza, nikachukua tochi, nikammulika jicho la kushoto. Mboni, ile mboni ya mbuzi iliyolala kama mfuo, ikajibana. Nikammulika la kulia. Haikufanya kitu. Tukatoka. Mke wangu alivua kanga ya kichwani akamfunga jicho la kushoto yeye mwenyewe, taratibu, akihakikisha haimbani. Nikapeleka mkono polepole hadi karibu kabisa na jicho la kulia, nisimtie upepo. Hakupepesa. Nikaangusha pamba mbele yake. Haikumshughulisha. Halafu nikamvuta kamba, na mbuzi akatembea moja kwa moja akajigonga kwenye kinu.

Mwalimu alinitazama, akingoja. Yeye aliona mbuzi kajigonga, lakini mbuzi aliyefungwa kanga anaweza kujigonga kwa woga tu, na alikuwa tayari kulipokea neno langu lolote.

"Haoni," nilisema.

"Sema tena," mke wangu alisema.

"Haoni, mke wangu. Jicho hili limekufa."

Alikuja hadi nilipo. Alizungumza kwa sauti ndogo, lakini mwalimu alisikia, akageuza uso akaanza kutazama minazi.

"Sema anaona. Nani atajua? Wewe peke yako ndiye unayejua. Sema anaona, Bwana, kesho tumalize. Mimi nimechoka."

Nilitaka kusema. Sijawahi kutaka jambo maishani mwangu kama nilivyotaka kulitoa neno lile. Lingemtosha. Angepika wali wake, watu wangekula, na usiku ule angelala akijua kwamba mwanawe amechinjiwa. Nililikuta neno limekwisha kufika mdomoni, jepesi, halina uzito wowote, na kwa wepesi ule ule nikalitambua. Niliwahi kulitoa lingine la aina hiyo.

"Siwezi," nilisema. "Nilikwisha kukudanganya mara moja."

"Lini?"

Mwalimu alikohoa, akasema yeye anatangulia, kesho tutafute mwingine, Mungu ni mwingi wa rehema. Akashika njia, minazi ikamficha.

"Lini?" mke wangu aliuliza tena.

"Siku ile. Nilipofika kutoka kaskazini. Nilimtazama macho yamezama, nikavuta ngozi. Nilijua palepale kwamba hatapona. Nikakwambia atapona."

Ganzi niliyokuwa nayo miezi ile haikuniacha hata hapo. Nilisema kama ninavyosema mbele ya zizi la mtu. Niliona maneno yanamwingia, mojamoja, na nilisimama nikitazama.

"Nilikuwa nimemshika mimi," alisema. "Siku mbili nilimshika."

"Ndiyo."

"Ungeniambia, nisingelala."

Aliinama akamfungua mbuzi kanga machoni, akaikung'uta, akajitanda, akaenda jikoni kuuondoa mchele uliokwisha kupetwa.

Akika ilichinjwa wiki iliyofuata, kwa mbuzi mwingine niliyemtafuta Kilindoni, mzima wa macho yote mawili. Nilimpima mara tatu. Yule mweusi tulimfuga mpaka akafa kwa uzee wake. Tulipata watoto wengine, wote walichinjiwa siku ya saba, na wote wamekua. Mke wangu ninaye, tumezeeka pamoja, na watu husema tumekaa vizuri. Ila mchana halali. Hata awe na homa, hata wakati wa Ramadhani jua likiwa kali na nyumba nzima imejitupa mikekani, yeye hukaa kitako, mgongo ukutani. Nikimwambia ajinyooshe kidogo, hunitazama usoni kwanza, kwa muda, kisha hubaki vile vile alivyokaa.